Wazazi wa Nairobi: mtoto anatimiza miaka 3, nikodishe maskoti au nitakuwa nimelipia kilio?

#1 Mama_Zuri
Hamjambo. Binti yangu anatimiza miaka 3 mwezi ujao na hana habari nyingine ila yule nguruwe wa waridi wa katuni, Peppa Pig. Hata uji hanywi kama kikombe hakina picha yake. Sasa nimeulizia watu wanaovaa maskoti, zile suti za katuni zenye kichwa kikubwa, na kuja nyumbani. Mmoja anataka sh. 4,500 kwa saa, mwingine sh. 8,000 kwa dakika 45 pamoja na mtu wa kuwapaka watoto rangi usoni. Pesa nitajikaza. Kinachonisumbua ni kwamba kila vidio ya bathdei ninayotumiwa, maskoti akitokea tu mlangoni, watoto wa rika hili wanapiga mayowe na kujificha chini ya meza. Kwa nini? Si ni yule yule wanayempenda kwenye simu? Tuko mtaa wa Umoja, watoto kama kumi na tano. Mwenye uzoefu aseme.

#2 Baba_Pacha
Okoa pesa. Nunua maputo, kreti mbili za soda, na utafute boksi tupu la friji. Watoto wa miaka mitatu hawahitaji zaidi ya boksi la friji.

#3 Mrembo_Roysambu
Baba Pacha, kwako kila jambo ni "okoa pesa". Hata kwenye mjadala wa meno ya mtoto ulisema hivyo hivyo.

Mama Zuri, wangu alifurahi sana, alimshika maskoti mkono mpaka akasindikizwa getini. Lakini alikuwa anatimiza miaka mitano. Sijui kama ndiyo tofauti.

#4 Mwalimu_Chekechea
Ndiyo tofauti. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha utafiti ambao sisi walimu wa watoto wadogo tunakutana nao chuoni. Alikuwa na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walimwona na kumshika. Kisha kichwa cha paka kikafichwa, huku nusu yake ya nyuma, mkia na yote, ikibaki mbele ya macho yao. Akavishwa barakoa ya mbwa mkali. Wadogo wengi waliamini sasa amegeuka mbwa, na wengine wakaogopa kumkaribia. Wa miaka 6 walijua ni paka yule yule aliyevalishwa kitu.

Kwa hiyo ukimwambia mtoto wa miaka 3 "usiogope, ni mtu tu yuko ndani", humsaidii. Kwake hakuna ndani.

#5 Baba_Pacha
Paka kavaa barakoa akatulia? Huyo hakuwa paka wa Nairobi.

#6 Mwalimu_Chekechea
Alikuwa amezoezwa.

#7 Mpwani_SouthC
Mwalimu, nakuheshimu lakini hapo pana shimo. Ikiwa mtoto anaamini kabisa kuwa yule ndiye nguruwe wake, basi angemrukia kwa furaha. Mbona amkimbie rafiki yake? Na tazama Babu wa Krismasi kwenye maduka makubwa kila Desemba. Hana kichwa cha sponji, uso wake unaonekana, ndevu tu ndizo za pamba, na bado watoto wanalia mapajani mwake mpaka picha zinaharibika. Basi si barakoa.

Mimi nasema ni ukubwa. Kwenye simu yule nguruwe anaenea kwenye kiganja. Mtoto ndiye mkubwa, yeye ndiye anayemwasha na kumzima. Halafu Jumamosi anaingia mlangoni akiwa na futi sita na kichwa cha upana wa mlango. Hata wewe ukikutana na mtangazaji wako wa redio akiwa na urefu wa nguzo ya stima, utatafuta njia.

#8 Shosho_Kahawa
Nyinyi vijana mnatafuta sababu Marekani na sababu iko jikoni kwenu. Mtoto tangu azaliwe anaambiwa "kula haraka, zimwi litakuja", "ukilia nitamwita askari akubebe". Mnamletea zimwi lenyewe siku ya keki, kisha mnashangaa anakimbia. Mimi nimelea wajukuu bila kuwatisha, na hakuna anayeogopa kitu. Mpaka ng'ombe wanawashika pembe.

#9 Mrembo_Roysambu
Shosho shikamoo. Lakini wangu hatishwi na mtu yeyote, na alipokuwa na miaka miwili alimwogopa fundi wa gesi kwa sababu ya kofia.

#10 Shosho_Kahawa
Marahaba. Muulize dada wa kazi kama hamtishi.

#11 Ndani_ya_Suti
Habari zenu. Mimi ndiye huyo mnayemjadili. Wikendi nyingi niko ndani ya kichwa cha sponji: Donholm, Syokimau, Ruaka, popote bodaboda inapofika na mzigo. Wacha nisimulie kutoka ndani, maana huko nje maelezo yamekuwa mengi.

Kwanza, sioni. Yale macho makubwa ni ya urembo tu. Mimi natazama kupitia mdomoni, kwenye wavu mweusi. Naona mbele, tena mbali kidogo. Chini sioni kitu. Mtoto wa miaka 3 akisimama magotini pangu simwoni kabisa, ndiyo maana nakuja na msaidizi wa kunishika mkono na kuniambia "hatua, ngazi, mtoto kushoto". Mama Zuri, anayekuuzia maskoti bila msaidizi eti bei ni nafuu, jiandae atakanyaga mtu au atakalia keki.

Pili, joto. Mnafikiri Nairobi ni baridi. Vaa manyoya kutoka kichwani hadi viatuni, Februari, saa nane mchana, chini ya hema lililofungwa pande zote, kisha ucheze nyimbo tatu mfululizo. Nafanya dakika 20, halafu naomba chumba chenye mlango unaofungika, maji na taulo. Kuna mteja aliyenifuata mpaka chumbani kunikumbusha kwamba amelipa saa nzima. Mzee, hata mechi ya mpira ina mapumziko.

Tatu, na hili ndilo mmeuliza. Wanaolia ni wale wanaobebwa. Mtoto aliyesimama kwa miguu yake akiogopa anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anacheka kidogo, anarudi tena. Huyo hana shida. Lakini yule aliyebebwa na mjomba na kusukumwa usoni kwangu, "msalimie! msalimie! tabasamu tupige picha!", huyo hana pa kwenda. Amebaki na mdomo tu, na anautumia. Kwa hiyo mimi nikifika siendi kwa mtoto. Nakaa chini karibu na ukuta, napunga mkono mara moja, kisha naangalia kwingine. Akija, amekuja. Wazazi hawapendi, wanaona nazembea.

Na wala siogopi vilio vya wadogo. Shida yangu ni vijana wa miaka kumi na mbili. Ngumi za mgongo, kuvuta mkia, mmoja alitaka kuthibitisha kwa uma kama nina nyama.

#12 Mama_Taji
Kwa uma 😂😂😂

#13 Baba_Pacha
Ndani_ya_Suti, nimekuheshimu leo. Swali: kichwa kinatoka mbele ya watoto?

#14 Ndani_ya_Suti
Hakitoki. Hata nikizimia nitazimia nacho.

#15 Mama_Taji
Tulijaribu njia nyingine ya nafuu: tulikodisha suti bila mtu, baba watoto akavaa. Taji alikuwa na miaka 3 kamili. Alitazama chini, akaona raba za baba yake zinachungulia, akapaza sauti "BABA!" mbele ya wageni wote. Hakulia hata kidogo. Alimfuata jioni nzima akimwambia atoe kichwa anywe soda. Sasa Mwalimu, huyo naye hajui kuna ndani?

#16 Mlinzi_wa_Gate_B
Kwetu baba alivaa vilevile, na mtoto hakumtambua. Tatizo likaja usiku. Baba alipovua na kurudi sebuleni akinuka ile suti, mtoto alikataa kubebwa naye, akawa anamtazama kwa kando mpaka akalala. Nadhani ni harufu. Hizo suti zinavaliwa na watu wengi na haziingii kwenye mashine ya kufulia kirahisi.

#17 Ndani_ya_Suti
Yangu huoshwa. Kichwa kinapuliziwa dawa na kuanikwa juani. Tusiharibiane kazi.

#18 Mwalimu_Chekechea
Mama Taji, mtoto mmoja mwenye macho makali hapindui utafiti. Raba zilikuwa nje, amesoma raba. Ila namkubalia Mpwani jambo moja: barakoa pekee haielezi Babu wa Krismasi. Hapo naona ni hofu ya mtu mgeni, ile inayoanza mtoto akiwa na miezi minane hivi na kurudi kwa sura nyingine anapokua. Mgeni, sauti kubwa, watu wote wanamtazama yeye. Na ongezeni usingizi: bathdei zetu zinaandikwa saa saba, keki inakatwa saa kumi. Mtoto aliyepaswa kulala mchana anakutana na maskoti akiwa amechoka hoi. Angemlilia hata mama yake.

#19 Fundi_Cherehani_Kariobangi
Mmezunguka kote mkaacha kitu chenyewe. Mimi nashona hizi suti. Tatizo ni kazi mbaya.

Kichwa kizuri kinakatwa kutoka sponji nzito ya godoro, vipande kwa patani, vinaunganishwa kwa gundi ya viatu, halafu kinavikwa kitambaa cha manyoya, mimi natoa Eastleigh. Ndani naweka helmeti ya mjengo iliyofungwa vizuri ili kichwa kigeuke pamoja na mvaaji. Mteja akililia bei, helmeti ndiyo ya kwanza kuachwa. Hapo ndipo mnaona maskoti anacheza huku ameshika kichwa kwa mikono miwili, au mwili unatazama keki na uso unatazama jirani. Mtoto hajui jina la tatizo, lakini anaona shingo imevunjika.

Na sasa huyo nguruwe wa Mama Zuri. Mmewahi kumtazama vizuri? Waingereza waliomchora, tangu 2004, wamemchora kwa ubavu, macho yote mawili upande mmoja wa uso. Kwenye karatasi anapendeza. Mteja ananiletea picha ya simu anasema "nitengenezee huyu". Sasa niambieni, kichwa cha kuvaliwa kina kushoto na kulia, hayo macho niyaweke wapi? Nikiyaweka upande mmoja, mtoto aliyesimama upande wa pili anaona shavu tupu. Nikiweka moja huku moja kule, si yeye tena. Wengi wanaweka popote. Kwa hiyo mtoto anayemjua nguruwe wake kila mstari anakutana na mwongo. Mimi ningelia pia.

#20 Mpwani_SouthC
Fundi ameniondoa kwenye ukubwa kwa nusu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kuhusu hayo macho.

#21 Mhandisi_wa_Usiku
Anachosema Fundi kina nadharia yake. Mjapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kinavyozidi kufanana na binadamu tunakipenda zaidi, mpaka kinapokaribia sana bila kufika, hapo ghafla kinatuchukiza. Imethibitishwa, ndiyo maana watoto wanalia.

#22 Mwalimu_Chekechea
Mori aliandika makala ya mawazo yake kuhusu roboti na mikono ya bandia. Hakupima watoto, wala hakuzungumzia nguruwe wa manyoya. Tena nguruwe huyu hakaribii binadamu hata kidogo. "Imethibitishwa" iondoe hapo.

#23 Mhandisi_wa_Usiku
Sawa mwalimu. Nimesimama kwenye kona.

#24 Wakili_Mlalahoi
Fundi, kazi nzuri, ila punguza kuandika wazi hivyo. Wahusika hao wana wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda michoro, na jina pamoja na sura vinaweza pia kuwa alama ya biashara iliyosajiliwa. Anayeshona na kukodisha kwa pesa bila leseni ndiye aliye hatarini. Mama Zuri anayefanya sherehe ya mtoto nyumbani kwake asipoteze usingizi.

#25 Baba_Pacha
Basi akodishe Mickey Mouse, si aliachiliwa huru 2024?

#26 Wakili_Mlalahoi
Kilichoachiliwa tarehe 1 Januari 2024, tena huko Marekani, ni Mickey wa kwanza wa mwaka 1928: mweusi na mweupe, hana hata glavu. Wa sasa, wa rangi, bado yuko na wenyewe, na alama ya biashara haijaguswa. Kwetu hesabu ni nyingine, kazi ya mchoraji inalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Baba Pacha, ukifungua kampuni ya maskoti nitafute kabla, si baada.

#27 Mlinzi_wa_Gate_B
Si mtengeneze simba au kifaru wetu? Tuna mbuga ya wanyama ndani ya jiji tangu 1946 na bado tunakodisha nguruwe wa Uingereza.

#28 Fundi_Cherehani_Kariobangi
Nimeshona kifaru. Amekaa dukani tangu mwaka jana. Hakuna mtoto anayemuulizia kwa jina.

#29 MpigaPicha_Buruburu
Jambo ambalo hamjaligusa: picha. Watu wengi wa maskoti wanapiga vidio za watoto wako na kuzipeleka TikTok jioni hiyo hiyo, kama tangazo lao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya sh. 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Mwambie mapema, kwa ujumbe wa maandishi: hakuna kuposti. Na watoto wa wageni si wako, huwezi kuwaidhinishia.

Kuhusu malipo, toa nusu, nusu nyingine akishasimama mlangoni. Dada yangu alilipa zote kwa M-Pesa, siku ikafika simu ikazimwa. Tulikata keki tukisikiliza "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa".

#30 Ndani_ya_Suti
Nusu kwa nusu ni haki. Na sisi pia tunaachwa. Nimewahi kufika Kasarani nikakuta bathdei imehamishiwa kijijini.

#31 Mama_Zuri
Asanteni wote, nimesoma kila kitu. Naona hamjakubaliana hata kwa moja: umri, ukubwa, zimwi la shosho, macho, harufu, usingizi, mjomba. Mjomba nampigia kura, maana namjua, ni ndugu yangu na atambeba tu.

Nimeamua hivi. Maskoti atakuja saa tano asubuhi kabla Zuri hajachoka, dakika 20 tu, keki baadaye. Nimemwomba aliyetaka 4,500 anitumie picha ya kichwa kutoka pande zote mbili. Ametuma upande mmoja. Nimeomba wa pili, ameniuliza "wa nini?"

#32 Fundi_Cherehani_Kariobangi
Hahaha. Kimbia.

#33 Mpwani_SouthC
Siku chache kabla, mwoneshe picha ya maskoti, sio ya katuni. Amzoee akiwa hivyo alivyo, na ukubwa wake, kando ya mtu.

#34 Shosho_Kahawa
Na mwanangu, muulize Zuri mwenyewe. Hakuna hata mmoja hapa aliyesema mtoto aulizwe. Miaka mitatu anaweza kusema anataka au hataki.

#35 Mama_Zuri
Nimemuuliza shosho. Amesema anataka nguruwe aje lakini akae nje.

#36 Mwalimu_Chekechea
Huyo anajitambua. Acha mlango wazi, akae kwenye korido.

#37 Baba_Pacha
Kwenye korido? Atatozwa na keateka wa jengo. Kwetu ukiweka spika tu keateka anakuja na karatasi ya NEMA, wale wa mazingira, ya kelele, zile kanuni za 2009, ameibandika mpaka chooni. Sherehe ya mtoto ikapigwa muziki wa chini chini, kimya kama waumini msikitini wakati wa hutuba. Halafu swali la maana ambalo wote mmelikwepa: kuna pilau?

#38 Mama_Zuri
Pilau iko. Wewe leta boksi la friji.

#39 Baba_Pacha
Nina mawili.

#40 Ndani_ya_Suti
Mama Zuri, kama hujalipa mtu bado, nguruwe ninaye, na macho yake aliyaweka fundi anayejua kazi. Jumamosi saa tano niko wazi. Msaidizi yupo. Korido nitakaa, hata mlangoni. Ila niambie kitu kimoja kabla hatujaongea bei: ni ghorofa ya ngapi, na kuna lifti?

#41 Mama_Zuri
Ya tano. Lifti hakuna, na ngazi ni nyembamba.

#42 Ndani_ya_Suti
Sawa. Kichwa kitapanda peke yake kwenye gunia, nitavalia kwa jirani. Ongeza mia tano ya msaidizi, na mjomba akae jikoni.